Nyumba ya Kibaha: ripoti ya injinia imekuja mbaya na kishika uchumba nimeshatoa, nishushe bei kiasi gani?

MpangajiMchovu
Wakuu habari za mihangaiko. Naomba mawazo hasa kwa mliowahi kununua nyumba iliyokwisha kujengwa, mimi ni mara ya kwanza na usingizi sina.

Nimepata nyumba Kibaha, ndani kidogo kutoka barabara ya Morogoro, vyumba vitatu kimoja masta. Hati ipo, nimeenda ardhi kuhakiki iko safi, jina ni la mzee mwenyewe. Mzee ni mstaafu anarudi kwao Singida, alianza na mil 88 tukavutana mpaka 80. Nikatoa kishika uchumba mil 2, tukaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, nikapewa mwezi mmoja nimalizie.

Sasa shemeji akanitonya nisiwe mjinga nitafute injinia. Nikamlipa laki tatu na nusu, akaja na kijana ana jembe na sururu wakachimba kwenye kona ya nyuma. Asee. Msingi umeenda chini futi moja na nusu tu, halafu chini yake ni ule mfinyanzi mweusi ambao ukiushika una maji unang'ang'ania vidoleni kama ugali wa muhogo. Kuna nyufa mbili zinatoka kona ya dirisha la jikoni zinashuka kwa mshazari, moja sarafu ya mia mbili inazama nusu. Zilikuwa zimezibwa na puti zikapakwa rangi, na kabati la vyombo limesimama mbele yake. Shimo la choo liko hatua tatu toka ukutani na linavuja. Kenchi za paa upande wa sebuleni zimeliwa na mchwa. Jumla kakadiria mil 17, humo kaweka mpaka rangi, geti na waya za umeme.

Nimempigia mzee kasema "mwanangu hizo nyufa za plasta tu, nimelala humu miaka 14 haijaniangukia". Dalali naye anasema kuna mteja anakuja Jumamosi na keshi. Yani mzee ananiita mwanangu, mama mwenye nyumba kanipa chai na mihogo mara mbili, naona aibu hata pa kuanzia. Nikate 17 yote au nidai mil 2 yangu nisepe?

BwasheeKimya
Huyo mteja wa Jumamosi namfahamu, ndiye alikuwa anakuja kuchukua gari niliyonunua 2019, mpaka leo hajafika.

FundiZege
Mkuu tulia kwanza. Kibaha huo udongo upo maeneo mengi na umeshapasua nyumba za watu wengi tu. Ukinywa maji unavimba, kiangazi unasinyaa, kwa hiyo nyumba inapanda na kushuka kila mwaka. Ndio maana ufa unafunguka Septemba halafu masika unajibana, mtu akija kuangalia nyumba mwezi wa nne anaona ukuta safi.

Nenda kaangalie vitu hivi. Ufa unaonekana ndani na nje? Umekata linta, ile zege ya juu ya madirisha? Umeshuka mpaka kwenye msingi? Fungua na ufunge milango yote, ukikuta mlango umerandwa juu ujue fremu imeshapinda na mwenye nyumba anajua. Halafu bandika jipsamu kidogo kukatiza ufa, andika tarehe kwa kalamu, ikipasuka nyumba bado inatembea. Ufa wa chini ya milimita 5 mara nyingi ni wa kuziba na kuishi nao, ukizidi hapo milango inaanza kugoma.

Hapo dawa ni kuzuia maji yasiende chini ya msingi, habari za kubomoa achana nazo. Weka gata, mwaga zege la kuzunguka nyumba liwe na mteremko wa kutoka ukutani, na hilo shimo la choo lihame kabisa. Kuna mti karibu?

MpangajiMchovu
Kuna mwembe mkubwa, kama mita 3 toka hiyo hiyo kona.

MamaWawili
Huo ukate kesho!!

FundiZege
Hapana dada usimpoteze. Huo mwembe umekausha udongo miaka yote, ukiukata ghafla udongo unanywa maji na kuvimba, unapata ufa mpya upande wa pili. Anapunguza matawi kidogo kidogo.

KiwanjaKwanza
Mimi sijaona cha kukimbia. Nyumba gani Bongo haina ufa? Uliza majirani kiwanja kitupu hapo kinauzwaje, ukijua hiyo ndo utajua jengo lenyewe unalilipia ngapi, maana ardhi haina mchwa.

NjooTuongee
Usikate 17. Rangi, geti na hizo waya uliziona siku ya kwanza ukakubali 80, leo huwezi kuzidai tena, mzee atakuona tapeli na atakuwa sahihi. Vitoe. Bakiza vilivyojificha tu, msingi, shimo la choo na kenchi. Nakisia inabaki kama 11. Mpeleke na fundi wa pili atoe bei yake, ukiwa na karatasi mbili maneno ya plasta yanaisha. Anza na 67, ila mwisho wako uwe 72, iandike umpe waifu aishike ili ukilegezwa na chai kuna mtu wa kukuuliza.

Akisema "nitarekebisha mwenyewe" kataa kistaarabu, ataleta ndoo nyingine ya puti. Dalali mwambie ukweli kwamba bila kushuka hakuna biashara, dili ikifa na yeye halambi kitu, atafanya kazi yako bure. Ile mil 2 kasome karatasi ya mwenyekiti, kama haisemi lolote kuhusu ukaguzi basi kuirudisha inaweza kuwa huruma ya mzee tu. Na msiandike bei ndogo kwenye mkataba eti kukwepa kodi, kodi ya faida ni ya muuzaji, ila siku ukiuza wewe hiyo bei ya uongo itaonyesha umepata faida kubwa. Mama naye asaini, hiyo ni nyumba ya ndoa.

MamaWawili
Na ripoti usimtumie mzee wasap. Nenda asubuhi, nenda na mtu mzima, beba hata kilo mbili za sukari, mpeleke kwenye lile shimo la injinia pale kwenye kona aone mwenyewe. Neno "umenificha" lisitoke mdomoni kwako.

MpangajiMchovu
Mrejesho wakuu, samahani nimechelewa.

Nilienda na baba mdogo. Mzee kasimama pale kwenye shimo, kaingiza fimbo yake mpaka chini, kaitoa kaipima na mkono. Halafu kasema taratibu, "mimi nililipia futi tatu". Kumbe wakati wa msingi alikuwa kazini Tabora, fundi alikuwa anampigia simu tu. Puti alijua, hilo la msingi hakujua. Akaenda kukaa kibarazani hajaongea karibu nusu saa, hapo ndo niliona aibu zaidi hata ya mwanzo.

Nikasema 67, mzee akasema 76, baba mdogo na mama wakaanza kuongea Kinyaturu sijui walisema nini, tukaishia 71 na nusu. Dalali kanuna. Mteja wa Jumamosi hakutokea.

Mama kaweka sharti moja, embe za Desemba ni zao, atamtuma mjukuu na viroba.

FundiZege
Safi, matawi yanasubiri. Jipsamu ulibandika?

MpangajiMchovu
Nilibandika tarehe 3. Bado nzima.