Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri: kikundi cha ushonaji kianzie wapi, na kwa nini vikundi hukwama?

Sindano_na_Uzi
Wakuu, salaam. Kikundi ni cha vijana sita, kazi ni kushona sare za shule. Lengo ni kuomba milioni 6, kulipa kwa miezi 12. Kwa nini halmashauri moja ina fedha na ya jirani haina? Maombi yanapita wapi? Na deni hilo linalipika kwa sare?

MapatoYaNdani
Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya Tanzania, kilichoongezwa 2018, kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hakuna riba. Asilimia hiyo hupigwa baada ya kuondoa mapato lindwa, yaani yale ambayo tayari yana matumizi yake maalumu.

Sasa piga hesabu. Ikibaki bilioni 2, vijana wanapata milioni 80. Ikibaki milioni 400, wanapata milioni 16, na vikundi vitatu kama chenu vinazimaliza. Hapo ndipo sera hii inapopinda: penye mzunguko mdogo wa fedha, ambako ajira inahitajika zaidi, ndipo mfuko unapokuwa mwembamba. Kwa maoni yangu Hazina ingepaswa kuongezea halmashauri za namna hiyo, maana hii si sadaka, ni uwekezaji wa umma katika kazi. Marejesho nayo hurudi kukopeshwa wengine, kwa hiyo kikundi kisicholipa kinawafungia mlango walio nyuma yake. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hii kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyolipwa. Ulirejea 2024 kwa utaratibu mpya.

Afisa_wa_Zamani_Kata
Kwa kanuni za 2024 kijana ni wa miaka 18 hadi 45, na kikundi kisipungue watu watano. Mkiwa sita mmetimia, ila akiondoka mmoja mko ukingoni. Ongezeni wawili mapema.

Andikeni katiba na muhtasari wa kikao chenye saini za wote, mmwone afisa maendeleo ya jamii wa kata kwa usajili, mfungue akaunti ya benki kwa jina lilelile la kikundi, kisha maombi yaingie kwenye mfumo wa mtandaoni wa Wezesha pamoja na andiko la mradi. Kata inahakiki, halmashauri inaamua.

Panapoharibika sana ni majina. Jina la kitambulisho cha NIDA likitofautiana na la benki hata kwa herufi moja, maombi yanalala. La pili ni andiko la kunakili: kikundi cha sare kinaeleza soko la kuku, na mhakiki anaona papo hapo. La tatu hutokea fedha zikishaingia. Milioni 6 zikigawanywa milioni moja moja, mradi umekufa siku hiyohiyo, lakini deni ni la wote.

Hesabu_Kwanza
Milioni 6 kwa miezi 12 ni 500,000 kila mwezi. Tuseme pea ya sare inabakiza 4,000 baada ya kitambaa, uzi na vifungo (wekeni bei za kwenu). Marejesho peke yake ni pea 125. Kila mmoja akijilipa 150,000, ni 900,000 nyingine, yaani pea 225. Jumla 350 kwa mwezi, kabla ya pango na umeme.

Kwa watu sita na siku 26 za kazi, hiyo ni pea mbili na kidogo kwa mtu kwa siku. Mikono inatosha. Swali ni nani atanunua pea 350 mwezi wa Machi, wakati wazazi hununua shule zinapokaribia kufunguliwa? Ombeni ratiba ya marejesho inayofuata msimu, na muiombe kabla ya kusaini mkataba. Cherehani na ovaloki (mashine ya kukamata kingo za kitambaa) zisile zaidi ya nusu ya mkopo. Kitambaa ndicho kinachozunguka.

Sindano_na_Uzi
Asante sana. Na zabuni za umma je?

MapatoYaNdani
Hilo ndilo jibu la Machi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka kwa makundi maalum, vijana wakiwemo, na zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma. Sajilini kikundi humo kama kundi maalum sasa, msisubiri tangazo litoke.

Lakini malipo ya umma huchelewa. Oda ya milioni 10 inayohitaji kitambaa cha milioni 6 itameza mtaji wote, na mkisubiri malipo siku 60, marejesho mawili yanafika na mfukoni hamna kitu. Chukueni oda ya ukubwa ambao kitambaa chake hakizidi nusu ya mtaji, na milioni 1 ibaki benki bila kuguswa. Hati ya kupokea mzigo isainiwe siku ileile mnapokabidhi; pasipo hati hiyo, ankara haisogei.