Mchoreni Godzilla mpole mpendavyo, lakini makovu yake mnayafutia nini?

Wanajukwaa, salaam.

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Imekuwa desturi sasa kwamba mashabiki wanapomchora Godzilla, lile dubwana la filamu za Kijapani, kwa umbo na hulka za kibinadamu, akimwagilia maua au akiwa amepakata mtoto, humpa pia ngozi nyororo kama ya kichanga aliyetoka kupakwa mafuta. Na upole wenyewe sina ugomvi. Wenye dubwana lao, kampuni ya Toho, walimpa mtoto wa kulea tangu mwaka 1967, na hakuna aliyekufuru kwa kumchora akicheka. Ninachokipinga ni kufutwa kwa makovu.

Ngozi ile yenye vifundo na mifereji haikubuniwa ili itishe tu. Ilifananishwa na makovu yaliyovimba ya watu walionusurika mabomu ya atomiki. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa wakivua jodari katika chombo cha Daigo Fukuryu Maru. Mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo filamu ya kwanza ya Godzilla, iliyoongozwa na Ishiro Honda, ikaingia kwenye majumba ya sinema ikianza na meli inayoteketea katika mwako wa ghafla baharini. Humo humo yumo mtoto ambaye daktari anamwelekezea kipimo cha mnururisho, kisha anatikisa kichwa. Godzilla anaua, ni kweli, lakini naye ameunguzwa na bomu lilelile. Ukimwondolea alama za moto huo, huruma unayotaka mtazamaji amwonee haina tena pa kushika.

Sasa nieleze kilichonifikisha hapa. Katika shindano moja la michoro ya mashabiki niliwasilisha Godzilla aliyeketi gatini Yaizu, bandari ya wavuvi wale, akitatua mishipi iliyojisokota. Kovu moja nililipitisha kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, likavuta ngozi kiasi kwamba vidole vitatu havikunjiki, ndiyo maana ndoana ameishika kwa viwili vilivyobaki, taratibu, asije akamchoma mtoto aliyeegemea paja lake. Waandaaji wakaniandikia kwamba nisawazishe ngozi kwa sababu makovu yanaharibu mvuto. Nilipokataa, mchoro ukaondolewa bila maelezo, na barua zangu za kuuliza hazijajibiwa hadi leo. Hakuna sharti hata moja lililochapishwa linalokataza makovu, nimeyasoma yote.

Hili linaniuma kuliko kukosa zawadi. Mtazamaji anayeonyeshwa madubwana wapole mia, wote wakiwa wamesafishwa ngozi, anafundishwa kwamba mwenye kovu hawezi kuwa mpole mpaka kwanza kovu liondoke. Wapo watu walioungua kwa mafuta ya taa, kwa moto wa jikoni, kwa ajali za barabarani, nao wanaiangalia michoro hii pamoja na watoto wao. Mlitaka wajione wapi?

Wapo watakaosema kwamba makovu ni magumu kuchora. Si kweli. Kovu lililovimba linahitaji ukingo wa kivuli upande mmoja, mwanga mwembamba upande wa pili, na rangi iliyozidi wekundu kidogo kuliko ngozi iliyolizunguka. Kazi iko kwenye kuliangalia kwa makini, na anayeona kinyaa kuliangalia basi amchore dubwana mwingine, wapo tele.

Ninawataka waandaaji waurejeshe mchoro wangu kwenye orodha, au waandike waziwazi katika masharti yao kwamba miili yenye makovu haipokelewi, na waweke majina yao chini ya sharti hilo.