Nyaya za breki kwenye resi: mbele ya handeli, nyuma yake, au ndani ya fremu?

resi_arusha
Wakuu habarini. Naunda baiskeli ya resi kutoka fremu tupu ya chuma, mtumba wa Japani. Vishikizo vya kava (ala ya nje ambayo waya unapita ndani yake) vimechomelewa kwenye bomba la juu, upande wa kushoto. Breki ni za kalipa (koleo linalobana rimu), mikono ya breki na gia ni Shimano 105 toleo la 5700, 105 ya kwanza kuficha nyaya za gia chini ya tepu. Kwa hiyo kila upande wa handeli una kava mbili za kufichwa. Nataka kazi safi, sitaki mzigo wa waya unaning'inia mbele. Nipitishe kava ya breki mbele ya handeli au nyuma? Na breki ya nyuma, waya ukae wazi juu ya bomba au nivalishe kava mwanzo mwisho? Kuna jamaa ananishawishi nitoboe fremu zipite ndani kabisa.

fundi_likoni
Ndugu yangu, weka drili chini. Fremu zilizoundwa kupitisha waya ndani zimeimarishwa pale kwenye tundu. Hiyo yako bomba lake ni jembamba katikati, ukilitoboa umeupa ufa mahali pa kuanzia na umefungulia maji mlango. Huku pwani tunajua chumvi inafanya nini ndani ya bomba.

Kava ya breki ipite mbele ya handeli, ya gia nyuma. Inatoka kwenye mkono kwa upande wa ndani, inalala kwenye kona kwa pinda pana, ikifika karibu na stemu (kipande kinachoshika handeli) tayari inaangalia mbele inakotakiwa kwenda. Ukiipitisha nyuma lazima uirudishe mbele kwa kuipindua chini ya handeli. Pinda la bure.

dada_wa_gia
Naunga mkono, ila tazama handeli yenyewe kwanza. Nyingine zina mifereji miwili, mbele na nyuma, hapo hakuna mjadala. Nyingine zina mmoja tu, na zile za duara kabisa hazina. Kwenye duara ukiweka kava mbili upande mmoja unapata tuta ambalo vidole vinalisikia kila ukishika juu. Gia nyuma, breki mbele, mkono unajaa vizuri.

hesabu_na_pedali
Watu wanahangaika na urefu wa kava, kumbe kinachokula nguvu ni jumla ya pinda. Msuguano wa waya ndani ya kava unakua kwa kuzidishana kadiri nyuzi za pinda (digrii) zinavyoongezeka. Tuseme kizigeu cha msuguano (namba ya ukali wa msuguano) ni 0.1: pinda za jumla ya nyuzi 180 zinameza zaidi ya robo ya nguvu ya vidole vyako. Zikifika 360, karibu nusu imepotea kabla haijagusa kalipa. Kwa hiyo kava ndefu kidogo yenye mkunjo mmoja mpana ni bora kuliko fupi iliyokaa kama herufi S, hata kama ile fupi inapendeza kwenye picha.

Na hapa ndipo swali ambalo mkuu hakuuliza: breki ya mbele itakuwa mkono upi?

mnyarwanda_kigali
Asante kwa kulitaja. Kalipa ya mbele ya Shimano inapokea waya upande wa kulia wa mpandaji. Ukitoka mkono wa kushoto, kava inavuka mbele ya shingo ya fremu (bomba fupi la mbele) kwa upinde mmoja mpana na kushuka. Ukitoka mkono wa kulia inabidi ijikunje hapo hapo. Breki ya nyuma ni hivyo hivyo: vishikizo vyako viko kushoto, basi kava inayotoka mkono wa kulia inazunguka shingo taratibu, ya kushoto inapinda mara mbili. Mimi ningefunga mbele kushoto, nyuma kulia. Waendeshaji wengi wa Ulaya bara na Marekani ndivyo walivyo.

fundi_likoni
Na Uingereza na Japani mbele iko kulia, na wateja wangu wengi mikono yao imezoea hivyo. Gari la abiria likikukatia mbele hufikirii, vidole vinavuta vyenyewe. Nyaya nzuri hazitakusaidia ukivuta breki usiyoikusudia.

mnyarwanda_kigali
Hilo sibishani nalo. Kama ana baiskeli nyingine, zifanane.

dada_wa_gia
Kuhusu breki ya nyuma: vishikizo vyako vina tundu la waya tu, kava ya milimita 5 haipiti. Kava nzima itabidi uifunge na vibano vya plastiki juu ya bomba, na huo si usafi uliouomba. Acha waya wazi katikati, chukua wa chuma kisichoshika kutu, vumbi utalifuta kwa kitambaa. Kava nzima ningeiweka kwenye fremu zenye vibano vitatu vya kuzungushia bomba, zile za zamani.

Kipande cha mwisho, kutoka kwenye bomba hadi kalipa ya nyuma, ndicho kinachowashinda wengi. Kikiwa kifupi kinavuta kalipa upande, pedi moja inasugua rimu na utahangaika kuinyoosha bila kujua sababu. Kikiwa kirefu kinatokeza kama pembe. Kata kirefu kwanza, punguza kidogo kidogo.

resi_arusha
Nimekuelewa dada. Kava ya gia ya milimita 4 imebaki nyingi, naweza kuitumia kwenye hicho kipande?

hesabu_na_pedali
Usithubutu! Kava ya gia ina nyuzi za chuma zilizolala kwa urefu, haijatengenezwa kwa nguvu ya breki, inaweza kupasuka ukivuta kwa nguvu. Ya breki imesukwa kwa mzunguko. Waya nao ni tofauti: breki ni milimita 1.5 au 1.6, gia ni 1.2 au chini yake.

resi_arusha
Sawa. Basi naenda hivi: breki mbele ya handeli, gia nyuma, waya wazi juu ya bomba, na breki ya mbele kulia kwa sababu baiskeli yangu ya kazini iko hivyo. Pinda litakuwa kali kidogo, nitaliongezea urefu.

fundi_likoni
Vizuri. Kata kava kwa mkasi wa waya, plaizi inaibonda. Sawazisha ncha kwa tupa, fungua plastiki ya ndani kwa msumari, ndipo uvalishe kikofia. Zifunge kwenye handeli kwa tepu ya umeme sehemu tatu, geuza handeli hadi mwisho kulia na kushoto: kava isivutike wala isijikunje. Endesha siku mbili kabla ya kuvalisha tepu ya handeli. Na pale kava inapogusa shingo bandika plastiki ya kukinga rangi, la sivyo mwezi mmoja utaona chuma.

dada_wa_gia
Picha ukimaliza, mkuu. Upande wa kushoto, tuone hilo pinda.