Mwalimu akihama kisiwa cha Pate, chama cha walimu kimtetee nani?

Mzazi, Faza
Assalamu alaykum wana Lamu. Swali langu si la kumchokoza mtu. Mwalimu wa hisabati akiomba kurudi kwao bara, chama humpigania mpaka barua itoke. Ni haki yake, ada hukatwa kila mwezi. Sasa yule mtoto wa gredi ya 9 atakayekaa muhula mzima bila hisabati, anapiganiwa na nani?

Ile sera ya 2018 ya kuwatoa wakuu wa skuli katika kaunti zao, chama cha walimu cha KNUT kiliipinga vikali, na 2022 walimu wakaanza kurudishwa makwao. Silaumu, kuna waume na wake waliotenganishwa bure. Lakini huku kwetu tunategemea sana walimu wa kaunti nyingine. Kila anayerudi kwao huacha pengo, na wazazi wavuvi ndio huchangishana kumlipa kijana aliyemaliza kidato cha nne awashike watoto.

Rai yangu: chama kiweke kwenye mkataba kwamba mtu haondoki hadi mwenzake ashuke gatini.

Mwalimu, kisiwani Pate
Mzee wangu, heshima yako. Hilo ulilopendekeza ni kunifunga. Akikosekana wa kuja, je? Nizeekee hapa kwa kuwa mwajiri hajaajiri? Tayari TSC, tume inayotuajiri, humtaka mwalimu mpya akae miaka mitano kituoni kabla ya kuomba uhamisho. Nimekaa na nikapitisha.

Mtoto akiugua usiku, nasubiri maji yajae ndipo boti ipite mlango wa bahari wa Mkanda. Msimu wa kusi ndio usiseme. Nimepanga chumba cha paa la makuti kwa sababu skuli haina nyumba ya mwalimu hata moja, na wenyeji wenyewe hawana vya kutosha. Marupurupu ya mazingira magumu tunalipwa, sikatai, ila huliwa na nauli na kodi. Na hata hayo, 2025 serikali ilipotaka kupanga upya maeneo yanayolipwa, vyama ndivyo vilivyopiga kelele mpango ukasimamishwa. Wazazi sikuwasikia.

Kifungu cha 41 cha Katiba kimenipa haki ya kuwa na chama na ya kugoma. Haikuandikwa pale "isipokuwa visiwani".

Mama wa watatu, Mkomani
Na kifungu cha 53 kimempa mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Mwalimu, mbona hicho hukukisoma? Mgomo wa walimu wa 2015 ulikula wiki tano. Korti ilikuwa imewapa nyongeza ya mshahara ya asilimia 50 hadi 60, kisha Mahakama ya Rufaa ikaifuta. Walimu hawakupata, na watoto hawakurudishiwa wiki zao. Wenye nacho waliita mtu wa tuisheni nyumbani, wangu walikuwa ufuoni wakivua samaki.

Mwalimu mstaafu, Hindi
Mwanangu wa Mkomani, lawama umeipeleka mlango wa jirani. Serikali ingelitii uamuzi wa korti ya kwanza, kungekuwa na mgomo? Tazama sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi 9. Gredi ya 7 ilianza Januari 2023 ikitegemea walimu tarajali, wa mkataba wa muda wa mafunzo kazini, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, wengine wao wenye shahada. 2024 walipogoma waliitwa wakorofi. Mwaka huohuo korti ya kazi ikasema utaratibu ule haukuwa halali. Januari 2025 tarajali 46,000 wakaajiriwa kwa kudumu. Sasa niambieni, mgomo ule uliwadhuru watoto au uliwapatia walimu?

Ya Basuba, kule kwenye msitu wa Boni, nayaacha. Palipo na bunduki msituni hapahitaji chama, panahitaji askari.

Mzazi, Faza
Mwalimu wa Pate umenibana na nakubali: sharti langu la mrithi linamwadhibu asiye na kosa. Nalibadilisha. Uhamisho uwe mwisho wa mwaka tu, na mwajiri awe na deni la kuleta mwingine kabla ya muhula wa kwanza kufunguliwa. Asipoleta, chama kigome kwa hilo vilevile kinavyogomea mshahara.

Jambo la pili ndilo hasa linaloniuma. Marupurupu humfuata mtu. Akipanda boti, yamepanda naye. Nyumba haihami. Vyama vingedai nyumba nne tu za walimu kila kisiwa, wewe ungelala vizuri leo, na atakayekuja baada yako asingekimbia mwezi wa pili. Mkataba wa pamoja wa vyama na mwajiri huandikwa kwa miaka minne minne. Mbona kila mara vinavyofika mezani na kelele nyingi ni vya mfukoni?

Mwalimu, kisiwani Pate
Kwa sababu mfuko ndio unaosomesha wanangu mimi. Usiniuzie nyumba kwa marupurupu yangu, bwana. Nikisikia mwakilishi wetu amekubali kubadilishana, nitajitoa chamani siku hiyohiyo, na sitakuwa peke yangu.

Uhamisho wa Desemba naukubali. Nyumba pamoja na marupurupu, naikubali pia, nitaisema kwenye mkutano wa tawi la chama. Lakini mje nyinyi wazazi mkae humo ndani. Tukizungumza walimu watupu tutazungumza mishahara, ndilo tunalolijua.

Mama wa watatu, Mkomani
Mkutano ni lini, na wapi? Ikiwa Mokowe, fanyeni asubuhi, niwahi boti ya kurudi.