Hoja ya mjadala: Udhamini wa chama uwe hiari katika uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa

Ndugu wachangiaji, naleta hoja hii nikiomba ijadiliwe kwa uzito wake. Kwa sheria na kanuni zinazotumika Tanzania Bara, raia hawezi kugombea uenyekiti wa kijiji, wa kitongoji au wa mtaa bila kuwa mwanachama wa chama cha siasa na bila kudhaminiwa na chama hicho. Napendekeza sharti hilo liondolewe katika ngazi hii. Anayetaka kusimama kwa tiketi ya chama asimame, na anayedhaminiwa na wakazi wenzake peke yao naye apokelewe fomu yake. Sipendekezi vyama vizuiwe, na nitaeleza baadaye kwa nini. Zanzibar naiweka kando kwa sababu huko sheha huteuliwa, hivyo mjadala wake ni mwingine.

Tuanze na kazi yenyewe. Mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji ndiye anayeandika barua ya utambulisho kwa mkazi anayetafuta kitambulisho cha taifa, mkopo au dhamana ya ndugu yake aliyeko polisi. Yeye ndiye anayegongewa mlango usiku majirani wanapogombana. Kijijini uzito ni mkubwa zaidi, kwa kuwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na kosa moja katika kugawa ardhi linaweza kuwafunga watoto na wajukuu. Juu ya halmashauri hiyo uko mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, na ambao hupaswa kusomewa mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu. Hakuna anayeulizwa kadi ya chama anapoingia katika mkutano huo. Asiye na chama anaruhusiwa kuhoji hesabu, kupinga ugawaji wa ardhi na kuunyooshea mkono uamuzi wowote, lakini haruhusiwi kuomba nafasi ya kuuongoza mkutano uleule anaoshiriki. Nimejaribu kutafuta sababu ya tofauti hiyo ndani ya majukumu ya mwenyekiti na sijaiona.

Kwa maoni yangu sababu iko katika historia. Wakati wa chama kimoja, uongozi wa chama na uongozi wa kijiji vilikuwa vitu vilivyoungana: balozi wa nyumba kumi alikuwa macho ya chama na ya serikali kwa pamoja, na anayeongoza tawi ndiye aliyeongoza kijiji. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, neno "chama" likageuzwa kuwa "vyama", lakini hatukukaa chini kujiuliza kama kijiji kinahitaji mlango huo hata kidogo. Inafaa kukumbuka kwamba Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa vyama, ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee, na bado ikapendekeza vyama vingi, ikizingatia wale wachache waliotaka mabadiliko. Raia asiye na chama anastahili kuzingatiwa vivyo hivyo, hasa kwa kuwa Katiba yetu, ibara ya 20, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote.

Suala la mgombea binafsi si geni mahakamani. Mchungaji Christopher Mtikila alilifikisha Mahakama Kuu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira akampa haki. Bunge likabadilisha Katiba mwaka huohuo kuziba njia hiyo. Mahakama Kuu ikamkubalia tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba kuwazuia wagombea binafsi katika chaguzi za urais, ubunge na serikali za mitaa kunakiuka Mkataba wa Afrika. Mtikila alifariki mwaka 2015 bila kuona uamuzi huo ukitekelezwa. Ninachotaka wachangiaji wazingatie ni kwamba kwa urais na ubunge sharti la chama limeandikwa ndani ya Katiba yenyewe, wakati kwa vijiji na mitaa limo katika sheria na kanuni. Kwa hiyo mtu anayesema "tusubiri Katiba mpya" anatuambia tusubiri kitu ambacho ngazi hii haikihitaji.

Madhara ya sharti hili yanaonekana zaidi katika kura za maoni za ndani ya vyama kuliko katika siku ya uchaguzi. Mahali ambapo chama kimoja kina nguvu kuliko vyote, mwenyekiti huwa amepatikana pale wanachama wa tawi walipokutana, na wakazi wengine wote, ambao barua zao zitagongwa mhuri na mtu huyo kwa miaka mitano, huitwa baadaye kuthibitisha. Mwalimu mstaafu anayeheshimiwa na kila nyumba, lakini ambaye hakutaka kamwe kuvaa rangi yoyote, hana njia. Wengi wa aina hiyo huambiwa wachukue kadi kwa ajili ya uchaguzi tu. Ushauri huo unaniumiza, kwa sababu unamtaka mtu mwaminifu aanze utumishi wake kwa kutamka imani asiyokuwa nayo.

Chaguzi mbili zilizopita zimelizidisha tatizo. Mwaka 2019, CHADEMA, ACT-Wazalendo na vyama vingine vilijitoa vikilalamika kwamba wagombea wao wengi wameenguliwa, na CCM ikatangazwa mshindi wa zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Tarehe 27 Novemba 2024 ushindi wa CCM ulizidi tena asilimia 98. Mchangiaji makini atanijibu kwamba msimamizi anayemwengua mgombea wa chama atamwengua pia asiye na chama, tena kwa wepesi zaidi, kwa kuwa hana wakili wala makao makuu ya kumtetea. Nakubali jibu hilo. Hoja yangu haitibu tatizo la usimamizi wa uchaguzi, na wanaodai tume ya uchaguzi iondoe kazi hii mikononi mwa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, wana hoja nzito inayosimama yenyewe. Hata hivyo mgogoro wa mwaka 2019 ulionyesha jambo jingine: vyama viliposusa, wakazi wa maelfu ya vijiji walisusishwa pamoja navyo, kwa sababu ya ugomvi wa kitaifa ambao wao hawakuwa na sauti ndani yake.

Wapo wanaotaka twende mbali zaidi na kuvipiga vyama marufuku huku chini. Hapo natofautiana nao. Ghana ilifanya hivyo: ibara ya 248 ya Katiba yake ya 1992 inawataka wagombea wa mabaraza ya wilaya wasimame kama watu binafsi na kuvikataza vyama kuwaunga mkono. Vyama havikuondoka, viliingia kwa mlango wa nyuma, na serikali ilipopanga kura ya maoni ya Desemba 2019 ili kuvirudisha waziwazi, makubaliano yalikosekana na zoezi likafutwa. Chama kilichojificha ni kibaya kuliko chama kinachoonekana, kwa sababu hakiwajibiki. Tena vyama vya upinzani vinahitaji vijiji ili vikue. Kuvinyima ngazi hii ni kumpa aliyetangulia ulinzi asiostahili.

Pingamizi ninaloliona kubwa kuliko yote linatoka Kenya. Katiba ya 2010 inaruhusu wagombea huru, na kwa wadi inadai saini za wapiga kura 500. Mwaka 2022 Kawira Mwangaza alichaguliwa gavana wa kaunti ya Meru bila chama. Bunge la kaunti lilipiga kura ya kumwondoa mara tatu. Seneti ilimnusuru mara mbili, ikakubali mara ya tatu, Agosti 2024. Yeyote awaye mwenye makosa katika mgogoro ule, kiongozi asiye na watu wake ndani ya baraza huwa peke yake, na kaunti hulipa gharama ya mvutano huo. Jibu langu ni kwamba gavana anahitaji wingi wa kura ndani ya baraza ili bajeti yake ipite, ilhali mwenyekiti wa kijiji anaongoza halmashauri ya wajumbe wasiozidi 25, inayowajibika kwa mkutano wa majirani waliomchagua. Kadiri ngazi inavyoshuka, ndivyo mkutano wa wakazi unavyoweza kufanya kazi ambayo juu hufanywa na chama. Sidai kwamba hili linatosha kwa udiwani, na ndiyo maana hoja yangu inaishia kijijini na mtaani.

Kuhusu matajiri watakaonunua wadhamini, napendekeza saini zikusanywe hadharani, katika mkutano wa kitongoji, mbele ya mtendaji, na idadi iwe ndogo: labda 30 kwa kitongoji na 50 kwa kijiji au mtaa. Idadi hizo ni za kuanzia na ninazileta ili zipingwe. Kwa utaratibu wa miaka mitano, uchaguzi ujao wa ngazi hii ni mwaka 2029, na kwa kawaida kanuni hutolewa muda mfupi kabla ya upigaji kura, wakati hakuna tena nafasi ya kuzijadili. Wanaopinga hoja, naomba waanze na mfano wa Meru. Wanaounga mkono, waanze na idadi ya wadhamini.