Naomba ushauri: mdogo wangu halali vizuri tangu aangalie Hotel Rwanda

Assalaam alaykum ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Nipo Wete na mdogo wangu wa kiume, yuko kidato cha pili. Karibuni tuliangalia Hotel Rwanda, ile muvi ya 2004 ya meneja wa hoteli Kigali na watu zaidi ya 1,000 walojificha mle wakati wa mauaji ya 1994, sasa ile sehemu gari inapita kwenye ukungu kumbe barabarani ni maiti watupu, hapo alinyamaza na mpaka leo hajawa sawa. Usiku anashtuka, chakula anagusa tu, kutwa yumo kwenye simu anasoma vipi watu kama 800,000 waliuliwa ndani ya siku 100 hivi, wengine na majirani zao. Muvi za vita za kutunga kaziangalia toka mdogo wala hazimshughulishi, ila hii anajua ni watu kweli, na mie naona ana haki kuumia. Nimekaa nae tukazungumza, bi mkubwa kamsomea dua, anatulia kidogo kisha yale yale.

Nimuache aendelee kuisoma hiyo historia au nimzuie kwanza? Na kwa mnaojua, huku kutolala ni kwa kumpeleka hospitali sasa hivi au tusubiri?