Chai imenikataa baada ya miaka zaidi ya 20: usingizi hakuna, mikono inatetemeka. Naomba ushauri

FundiWaTandika

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 36, nina kibanda changu Tandika jirani na soko. Chai nimeinywa tangu nikiwa mtoto na haijawahi kunisumbua. Siku yangu ya kawaida iko hivi: kikombe cha kwanza saa kumi na mbili asubuhi kabla sijatia kitu tumboni, cha pili saa nne na chapati au mihogo, halafu mama muuza chai anapita na chupa yake saa saba, saa tisa na saa kumi na moja jioni. Kazi zikiwa nyingi, kuelekea Idi au shule zikikaribia kufunguliwa na kila mzazi anataka sare, vinafika vikombe saba. Yote chai ya rangi iliyokolea, tangawizi kwa wingi, sukari vijiko vitatu.

Tatizo limeanza kama miezi miwili hivi. Nikilala moyo unaenda mbio hadi nausikia kwenye mto. Saa nane usiku macho makavu, saa tisa ndiyo kausingizi kanakuja, saa kumi na moja adhana, nimeamka. Na mikono. Juzi nilikuwa namalizia gauni la harusi, uzi ukakatika, nikashindwa kutunga sindano. Nalowesha ncha ya uzi mdomoni, naileta kwenye tundu, inapita pembeni. Mara sita. Mwenye gauni amekaa kwenye benchi ananitazama. Ikabidi nimwite kijana ninayemfundisha kazi anitungie.

Jumatatu niliacha chai kabisa. Jumanne mchana kichwa kiliuma hadi nikafunga kibanda. Nikanunua vidonge vya maumivu, nikameza viwili, baada ya muda mfupi kichwa kikaachia. Lakini usiku ule ule moyo ukaenda mbio kama kawaida, na chai sikuwa nimeinywa! Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Jumatano nikarudi kwenye chai yangu.

Dada yangu anasema ni presha. Jirani anasema ni tangawizi. Mume wangu anasema nina mawazo, ila kwa kweli sina, hata kodi ya kibanda nimeshalipa.

Ninachouliza: inawezekanaje kitu ulichokizoea miaka yote hiyo kikukatae ghafla? Na aliyewahi kupunguza alifanyaje? Jingine linalonisumbua moyoni ni yule mama wa chai. Tulianza biashara pale pamoja, anasomesha watoto kwa chupa ile. Nikimwambia sinywi tena najisikia kama namnyima.

MtotoWaGerezani

Pole sana dada. Kabla ya yote nenda kapime presha na wingi wa damu. Moyo kwenda mbio usiufanyie majaribio nyumbani.

KahawaChungu

Dada, mimi nahisi ni hayo majani ya siku hizi. Nakunywa kahawa kijiweni Buguruni mwaka wa 15 huu, vikombe vitatu vinne na kashata, nikifika nyumbani nalala fofofo. Hamia kwenye kahawa uone.

DawaBaridi

Mkuu hapo juu, nia yako njema lakini usimpeleke dada huko. Kikombe kimoja cha kahawa kikiwa na ujazo sawa na cha chai kinaweza kuwa na kafeini, ile kemikali ya kuchangamsha iliyomo kwenye chai na kahawa, mara mbili yake. Wewe unalala kwa sababu ini lako linaiondoa haraka na vile vikombe vyenu ni vidogo. Kila mtu na ini lake.

FundiWaTandika, mimi nafanya kazi duka la dawa. Nijibu haya kwanza:

Kuna dawa yoyote mpya umeanza ndani ya miezi mitatu hii, hata ile usiyoihesabu kuwa dawa? Kuna uwezekano wa ujauzito? Na vile vidonge vya kichwa, hebu tafuta pakiti usome maandishi madogo.

FundiWaTandika

Asante sana mkuu. Pakiti ninayo hapa mezani: parasetamoli miligramu 500, kafeini miligramu 65. Kumbe!

Ujauzito hapana. Dawa... nimeanza vidonge vya uzazi wa mpango miezi mitatu iliyopita, mtoto wangu wa pili ana mwaka na nusu. Sikuviandika kwa sababu sikuona vinahusianaje na chai.

DawaBaridi

Vinahusiana, na sana. Naomba uvumilivu, nitaandika kirefu.

Kafeini ikiingia mwilini inavunjwavunjwa na ini. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu yake inaondoka ndani ya saa tano hivi. Wengine saa tatu, wengine saba, hayo ni maumbile. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni vinapunguza kasi ya kimeng'enya kile cha ini kinachofanya kazi hiyo, na muda unaweza kuongezeka hadi karibu mara mbili. Ujauzito unafanya hivyo hivyo, tena zaidi kadiri miezi inavyosogea.

Sasa chukua kikombe chako cha saa kumi na moja jioni. Zamani, ilipofika saa nne usiku, nusu ilishaondoka. Sasa hivi nusu inaondoka saa tisa usiku, na hapo chini yake kuna mabaki ya cha saa tisa mchana na cha saa saba. Chai ni ile ile dada, mtokaji ndiye amechelewa. Kwa hiyo hukosei unaposema ulikunywa miaka yote bila shida.

Kuhusu kichwa cha Jumanne. Ubongo una kemikali iitwayo adenosini, ndiyo inayoleta uchovu jioni. Kafeini inawahi kukalia siti yake, kama vile daladala ya Mbagala saa za jioni: uchovu umepanda lakini hauna pa kukaa. Mwili ukizoea hali hiyo kila siku unaongeza siti. Ukiacha kafeini ghafla, siti zote zinajaa kwa mpigo, mishipa ya kichwa inatanuka, kichwa kinapasuka. Kwa kawaida huanza kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho, siku ya kwanza na ya pili ndiyo mbaya zaidi, na huisha ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Wewe ulimeza vidonge viwili, miligramu 130 za kafeini, karibu sawa na vikombe vitatu vya chai. Kichwa lazima kiachie, na moyo lazima ukimbie.

Usiache vidonge vya uzazi wa mpango peke yako kwa sababu ya andiko langu, utakuja hapa na uzi mwingine. Nenda kliniki uwaeleze, kuna njia nyingine zipo, au ubaki navyo upunguze chai. Pia waangalie presha, damu na tezi ya shingo, maana nayo ikizidisha kazi huleta mapigo ya haraka na mikono kutetemeka. Ukipata maumivu ya kifua au kuzimia, usisubiri kesho.

BintiMufindi

Nimesoma uzi huu nikamkumbuka mama, alichuma chai Mufindi miaka mingi. Kapu mgongoni, ukungu bado haujainuka, unachuma majani mawili na chipukizi, mikono inabaki na rangi ya kahawia ambayo haitoki kwa sabuni. Kiwandani jani linakatwa na kupasuliwa kuwa zile punje ndogo mnazoziona kwenye pakiti. Punje zile zinatoa rangi na kafeini upesi sana, dakika chache tu. Hakuna haja ya kuzichemsha nusu saa.

Dar nimeshangaa namna chai inavyopikwa. Sufuria inachemka na majani tangu alfajiri, inamiminwa kwenye chupa bila kuchujwa vizuri, majani yanakaa humo hadi jioni. Kikombe cha saa kumi na moja ni kichungu cha kukunja uso, ndiyo maana kinahitaji sukari vijiko vitatu. Mwambie huyo mama achuje mapema, na kwako aongeze maji. Mama yangu alikuwa anakunywa chai nyepesi ya rangi ya asali, na alikuwa mchumaji!

Halafu tahadhari moja: chai ya mchaichai ikipikwa na majani ya chai bado ni chai. Mchaichai mtupu hauna kafeini, tangawizi haina, mdalasini hauna, rozela haina. Ila chai ya kijani inayosifiwa sana siku hizi ni mmea ule ule, kafeini imo.

MamaWawili

Naongeza kidogo. Nilipokuwa na mimba ya pili damu ilishuka, nesi akaniuliza nakunywa chai saa ngapi. Nilikuwa nakunywa na chakula, na vidonge vya madini ya chuma nameza na chai hiyo hiyo! Akanieleza kwamba tanini za kwenye chai zinashika madini ya chuma ya kwenye maharage na mchicha, yanapita bila kuingia mwilini. Nikatenganisha, chai saa moja kabla au baada ya kula, vidonge na maji au juisi ya chungwa. Damu ilipanda. Dada, ukipungukiwa damu moyo nao unakimbia, kwa hiyo inaweza kuwa mambo mawili yamekutana. Kapime kweli.

Na hiyo sukari. Vijiko vitatu mara vikombe vitano ni vijiko 15, kama gramu 60. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana nusu yake. Hapo hujala andazi.

KahawaChungu

Nimejifunza jambo. Dada nisamehe kwa ushauri wangu wa mwanzo, niliongea kwa mwili wangu mimi.

MzeeWaKeko

Mwanangu, kuhusu huyo mama wa chai. Sisi tukiuliza "umekunywa chai?" tunauliza kama mtu amekula, kama yuko salama. Ndiyo maana kukataa kikombe kunauma pande zote mbili. Lakini usimkwepe, wala usipokee kikombe ukakimwaga nyuma ya kibanda, siku akikuona atajua umemdharau. Mwite, mkalishe kwenye benchi lako, mweleze kama ulivyotueleza sisi. Mtu anayepika hawezi kukasirika akijua kwamba chakula kinakuumiza.

Mwendokasi_Kimara

Kwenye kupunguza: usirudie kosa la Jumatatu. Mimi nilikuwa navyo sita. Nilitoa kikombe cha jioni peke yake, nikakaa siku nne, nikatoa cha saa tisa, siku nne tena. Kichwa kiliuma kidogo tu siku mbili, nikanywa maji na parasetamoli ya kawaida isiyo na kafeini. Cha asubuhi sikukigusa, kipo hadi leo.

FundiWaTandika

MREJESHO, wiki ya nne.

Wakuu Mungu awabariki, samahani kwa ukimya, kulikuwa na kazi za sare.

Nilikwenda kituo cha afya. Presha nzuri, tezi nzuri, damu 10.8, wakasema imepungua, nimepewa vidonge vya madini ya chuma na nameza mbali na chai kama alivyosema MamaWawili. Nesi wa uzazi wa mpango alinisikiliza vizuri, akanipa nafasi ya kuchagua. Nimeamua kubaki na vidonge kwa sasa na kupunguza chai, tutaangalia tena baada ya miezi miwili.

Nimefuata njia ya Mwendokasi_Kimara, jioni kwanza. Siku ya pili na ya tatu kichwa kilikuwa kizito lakini nilifanya kazi. Sasa niko kwenye vikombe viwili, vyote kabla ya saa sita mchana, cha kwanza baada ya kula kitu hata kama ni kiazi. Sukari kijiko kimoja na nusu, na hapo bado napambana. Nalala saa tano. Wiki iliyopita nimelala hadi adhana ikanikuta usingizini, mume wangu akadhani naumwa.

Mama wa chai nilimwita nikamweleza, kama mzee wetu wa Keko alivyonielekeza. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia mapema, unateseka namna hiyo?" Kesho yake alikuja na chupa mbili. Ya pili ni mchaichai na tangawizi, bila majani kabisa, mchaichai anaukata nyuma ya nyumba yake Yombo. Bei ile ile. Sasa muuza vitenge wa jirani anainywa, na mabinti wawili wa saluni, mmoja mjamzito.

Shida ilikuwa moja, chupa zote mbili ni za rangi moja. Alhamisi alichanganya, nikanywa vikombe viwili vya jioni nikidhani ni mchaichai, tangawizi imefunika ladha. Usiku ule niliona saa nane na saa tisa zote. Asubuhi nikachukua uzi mwekundu wa kushonea, nikauzungusha mara nyingi kwenye mkono wa chupa ya mchaichai na kufunga fundo. Mkono haukutetemeka.